Kununua mashine za karakana mnadani Mtwara na Lindi, na kuzirudisha kazini

Ukitaja mnada huku Kusini, watu wengi hufikiria korosho. Upo pia mnada unaomhusu fundi: ule wa mali chakavu za taasisi, viwanda na miradi iliyofungwa. Humo leth mashini (za kuchonga chuma kinachozunguka), drili za mezani, majiliwa (vibanio vya benchi) na grenda za benchi hupangwa pamoja na viti vilivyovunjika na magari yasiyo na injini. Anayejua kukagua hupata mashine ya maisha yake yote. Asiyejua hununua chuma cha kuuza kwa kilo.

Mashine iliyokaa ghalani karibu na bahari, iwe Mikindani au Lindi mjini, hubadilika rangi kwa msimu mmoja tu wa mvua. Wanunuzi wengi wakiiona hivyo huipita, nawe hapo ndipo unaposimama. Kutu ya juu hutoka kwa kazi ya siku chache. Kisichorudi ni reli za kitanda (mwili mrefu wa leth) zilizolika, kasti (chuma cha kumimina) iliyopasuka na vipande vilivyopotea. Mashine yenye kutu lakini kamili ni bora kuliko iliyopakwa rangi mpya juzi, na rangi mbichi kwenye mali ya mnada ikufanye uangalie mara mbili.

Kabla ya siku yenyewe

Tangazo karibu kila mara husema mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Maana yake ni kwamba hakuna kurudisha, na kuiondoa ni juu yako. Masharti ya kawaida ni kulipa robo ya bei papo hapo, na iliyobaki ndani ya siku chache zinazotajwa. Ukichelewa, amana inapotea na mali inauzwa tena. Uliza pia muda wa kuihamisha, kwa sababu baada ya hapo unaweza kudaiwa gharama za kuhifadhi.

Bei yako ya juu iandike kwenye karatasi kabla dalali hajafungua mdomo. Anzia na chuma chakavu: uliza bei ya kilo wiki hiyo, zidisha kwa uzito. Leth yenye mita moja kati ya senta (ncha mbili zinazoshikilia kazi) huwa na uzito wa kuanzia kilo 700 hadi tani moja na nusu. Wanunuzi wa chuma chakavu hawatapita kiwango hicho, kwa hiyo hicho ndicho kizingiti unachoanzia. Kisha, kutoka kwenye thamani ya mashine ikiwa inafanya kazi, toa usafiri, beringi, mikanda, kusuka mota (kuweka nyaya mpya) na kila kipande kinachokosekana; kinachobaki ndiyo bei yako ya juu. Gia ya kubadilishia ikikosekana huenda ukalazimika kuichongesha Gerezani, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara.

Ukaguzi

Nenda siku ya ukaguzi na tochi, sumaku ndogo, venia (kipimo cha vipenyo), kitambaa, chupa ya mafuta ya taa, spana, na geji ya mshale inayosoma mia ya milimita kama unayo. Pitisha sumaku juu ya kasti. Inapolegea ghafla, chini ya rangi kuna bodi fila (lipu ya kuziba mabodi ya magari), na chini ya fila mara nyingi kuna ufa. Mstari wa manjano kama shaba unaonyesha kasti iliungwa.

Kwa leth, kipimo kinachofaa kuliko vyote hakihitaji umeme. Sogeza kereji (sehemu inayobeba kisu juu ya reli) hadi karibu na chaki (kibanio kinachozungusha kazi). Kaza kidogo skrubu ya kuifungia mpaka iwe nzito lakini bado inasogea kwa gurudumu la mkono. Sasa isogeze kuelekea mkia wa mashine, yaani mwisho ulio mbali na chaki. Uzito ukibaki uleule mpaka mwisho, reli ni nzima. Ikianza kugoma katikati ya njia, reli za karibu na chaki zimelika, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hufanyika, na kereji inapofika sehemu isiyotumika sana inabana. Ugonjwa huo hautibiwi kwa msasa. Reli zinahitaji kusagwa au kuparuzwa upya, na gharama yake huweza kupita bei uliyonunulia.

Baada ya hapo bana kwenye chaki chuma kirefu cha nusu mita, unene milimita 30 hivi. Weka ncha ya geji juu ya mwili wa chaki, kisha nyanyua chuma kwa mkono. Mshale ukisogea chini ya 0.03 mm, spindeli (mhimili unaobeba chaki) iko vizuri. Ukipita 0.05 mm, beringi zinataka kukazwa au kubadilishwa. Gurudumu la kroslaidi (slaidi inayosogeza kisu kuvuka kitanda) lirudishe nyuma na uangalie linazunguka kiasi gani kabla slaidi haijaanza kusogea. Robo ya mzunguko inavumilika. Nusu ina maana nati ya shaba imekwisha, lakini hiyo hubadilishwa, isikukimbize.

Fungua mlango wa gia uhesabu meno kwa macho na kidole. Hakikisha vipo: gia zote za kubadilishia, chaki pamoja na ufunguo wake, taya za ndani na za nje, senta za mkia, na kishikio cha kisu.

Jiliwa halina mengi: angalia nyufa chini ya taya na kwenye kitako, kisha fungua mpaka mwisho ufunge. Likipanda juu au kuyumba linapobana, skrubu au nati imechakaa. Kwa drili ya mezani, shika chaki uitikise kushoto na kulia huku spindeli imeshushwa mpaka chini, kwani mchezo huonekana hapo.

Mota

Soma kibao chake. TANESCO inatoa volti 230 kwa fezi moja na volti 400 kwa fezi tatu, hezi 50. Mashine kongwe ya Uingereza iliyoandikwa volti 415 na hezi 50 haina shida. Ikiwa ni ya hezi 60, itazunguka polepole kwa takriban moja ya sita.

Huna fezi tatu? Unaweza kutumia invata inayoingiza fezi moja ya volti 230 na kutoa tatu za volti 230. Hapo kibao cha mota lazima kiwe na 230/400, na waya zake zifungwe kwa delta (muunganisho wa pembetatu). Mota ya 400/690 ikiunganishwa na invata hiyo itakosa nguvu.

Mota iliyokaa na unyevu wa pwani usiiwashe. Mpe fundi umeme aipime kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme kwenye nyaya) ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu moja, ifungue, weka taa ya joto karibu nayo siku moja au mbili, upime tena. Mara nyingi unyevu unatoka na hakuna haja ya kusuka.

Kuihamisha

Leth ni nzito upande wa kichwa. Peleka kereji na mkia mwisho wa kitanda ili kusawazisha, funga mkanda wa kunyanyulia chini ya kitanda na vipande vya mbao, na kamwe usiupitishe kwenye skrubu ndefu ya mbele. Kwenye Fuso iwe imesimama, imefungwa kona nne. Ardhini isogezwe juu ya mabomba.

Kufungua na kusafisha

Piga picha kila hatua kabla ya kugusa nati. Bolti zilizoganda zipake mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, uuache usiku mzima. Usigonge kasti kwa nyundo ya chuma, itavunjika. Kwenye grenda ya benchi, nati ya upande wa kushoto hufunguka kinyume.

Mashine kongwe za Uingereza nyingi zina thredi (meno ya skrubu) za Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina thredi 12 kwa inchi na ile ya Marekani ina 13. Ukiilazimisha ya Marekani kwenye tundu la Whitworth itaingia mizunguko michache, kisha inang'oa thredi za kasti. Tumia geji ya thredi.

Vipande vidogo vya chuma na kasti vitolewe kutu kwa umeme. Jaza ndoo ya plastiki lita 20 za maji, weka vijiko vitano vya chakula vya soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti. Usitumie chumvi, maana hutoa gesi ya klorini, na magadi ya sokoni mara nyingi huwa na chumvi ndani. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, visigusane. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, kinatoa sumu. Fanya kazi nje, kwani hewa inayotoka inawaka. Chaja za kisasa hazitoi umeme bila betri, kwa hiyo funga betri sambamba. Saa 6 hadi 12 zinatosha. Alumini, shaba na springi zisiingie humo.

Ukitoa kipande, kioshe, kikaushe na upake oili papo hapo. Kwa hewa ya hapa, kutu ya machungwa hurudi ndani ya dakika chache.

Reli na uso wa slaidi usiziguse kwa grenda wala msasa. Lowanisha kwa mafuta ya taa, paruza kwa wembe ulioushika karibu kulala, malizia kwa sufi laini ya chuma. Madoa meusi yanayobaki hayana madhara.

Kusimamisha na kutunza

Weka pima maji kwenye kitanda, kisha kata chuma cha milimita 25 kilichotokeza milimita 150 bila kushikwa na mkia, ukiacha pete mbili (sehemu mbili nene kuliko kati yake), moja karibu na chaki na moja mwishoni. Pitisha mkato wa 0.1 mm kwenye zote bila kugusa gurudumu la kroslaidi. Tofauti ya vipenyo isizidi 0.02 mm. Ikiwa pete ya mwisho ni nene zaidi, pandisha mguu wa mbele upande wa mkia. Ikiwa ni nyembamba, shusha huo huo. Rudia mpaka zilingane.

Kichwa cha gia kiwekwe oili iliyoandikwa kwenye kibao, au oili ya haidroliki namba 32 au 68 kibao kikikosekana. Oili chafu ya gari usiitumie, ina tindikali na unga wa chuma unaosaga reli. Kila jioni futa, paka oili nyepesi, funika kwa shuka la pamba. Plastiki hukusanya jasho chini yake usiku, na asubuhi utakuta reli zimekuwa nyekundu.