Kuiokoa rotata ya antena na upepo wa Kisumu

Wiki iliyopita nilipanda mnara wa kijana mmoja kule Riat kumshushia rotata, yaani mota yenye gia inayozungusha antena yake ya redio. Ukiitikisa, inalia kama kayamba: meno ya gia yamekatika, yanacheza ndani. Sikumcheka, maana yangu ilikufa kifo hichohicho. Tulifunga nyingine, na hizi ndizo hatua zake, kwa antena ya Yagi ya vijiti vitatu kwenye mnara wa vyuma vya pembe. Kuvaa mkanda wa kupandia sitakufundisha.

Hatua ya 1: Ishushe ndani ya mnara

Yake ilikaa kileleni kabisa, mlingoti umesimama juu yake bila kushikwa mahali pengine. Upepo ukisukuma antena, mlingoti unageuka mtaimbo, na kinachong'olewa ni rotata. Uzito wa kukaliwa juu inauvumilia. Kusukumwa ubavuni ndiko kunakoiua. Na upepo ukiongeza kasi maradufu, nguvu yake inakuwa mara nne.

Weka bamba ndani ya mnara, mita moja na nusu hivi chini ya kilele. Rotata ikae juu ya bamba, beringi ya kushika mlingoti ikae kileleni, na antena isizidi sentimita 30 juu ya beringi. Mlingoti ni paipu ya GI (chuma kilichopakwa zinki) ya inchi moja na nusu, klasi C, ile nene. Klasi B hujikunja, usinibishie.

Hatua ya 2: Beringi

Achana na za kuagiza ng'ambo. Nunua ya posho mill, ile yenye nyumba ya mraba na mashimo manne ya bolti, tundu la milimita 50. Paipu yako kwa nje ni milimita 48.3, kwa hiyo izungushie ukanda wa bati kuziba pengo. Uzuri wake ni kwamba ringi ya ndani inaweza kuinama kidogo, inakusamehe makosa madogo.

Hatua ya 3: Kunyoosha

Hapa ndipo nilipopoteza Jumapili nzima. Nilikaza kila kitu kuanzia chini kwenda juu, nikaona nimemaliza. Antena ikazunguka vizuri hadi kusini, ikakwama, mota inanguruma tu. Nikafungua giaboksi, nikapaka grisi, nikabadilisha kapasita. Bure. Shida ilikuwa katikati ya rotata na katikati ya beringi kupishana milimita nne.

Sasa nafanya hivi. Bolti zote za bamba na za beringi ziwe zimeshikwa kwa vidole tu. Kaza klampu ya mlingoti kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kwa sababu ukimaliza upande mmoja kwanza mlingoti unahama. Kisha zungusha polepole duara zima huku mtu akiwa juu akitazama bamba: utaliona likisogea lenyewe kutafuta mahali pake. Simama kila digrii 90, kaza bolti za bamba robo mzunguko. Rudia mpaka bamba litulie. Bolti za beringi huja mwisho kabisa. Ikikwama popote, legeza zote uanze upya. Asikwambie mtu kwamba "itazoea".

Fanya kazi hii asubuhi na mapema, kabla upepo wa ziwa haujaanza. Na fundi wako wa Kibuye akitaka kulichomelea bamba moja kwa moja kwenye mnara, mkatalie. Mwambie atoboe mashimo marefu, ili bamba liwe na nafasi ya kusogea.

Hatua ya 4: Usitoboe mlingoti

Wengi hupitisha bolti kwenye klampu na mlingoti ili antena isiteleze. Mimi nataka iteleze upepo ukizidi, kuliko gia zikatike. Kurekebisha mwelekeo ni kazi ya dakika 20. Gia mpya ni miezi ya kungoja.

Hatua ya 5: Waya

Acha kitanzi kikubwa cha koaksia, waya unaopanda kwenye antena, usije ukavutwa antena ikizunguka.

Hatua ya 6: Egesha kabla ya mvua

Rotata yangu ilikufa ikitazama Japani, ambayo kutoka hapa ni digrii 53 hivi, ukihesabu kuanzia kaskazini kupitia mashariki. Dhoruba za jioni mara nyingi huja kutoka milima ya Nandi, karibu upande huohuo, kwa hiyo vijiti vyote vilipokea upepo kifua wazi. Ukigeuza antena kwenye digrii 335, mwelekeo wa Ulaya, ncha za vijiti ndizo zinazoangalia Nandi na upepo unakuta bomba la katikati tu.

Stima hukatika kabla ya tone la kwanza, na bila stima rotata haigeuki. Wingu likianza kujaa Nandi alasiri, geuza hata kama uko katikati ya mazungumzo ya redioni. Usirudishe nyuma ghafla: achia swichi, hesabu hadi tano, antena itulie, ndipo ubonyeze upande mwingine. Kijana wa Riat ameandika 335 kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi lake la swichi.