Grinihausi Mwanza: hita achana nayo, hela peleka kwenye hewa na mtaro

Wakuu, ukiona makadirio ya fundi wa grinihausi (banda la nailoni la kulimia) yana hita ndani mwambie aitoe tu. Huku kwetu hata Juni na Julai usiku ni nyuzi 15 hivi mpaka 18, nyanya na hoho hazina shida na hiyo baridi. Tatizo letu ni joto la mchana, nje ikiwa 29 ndani ya nailoni iliyofungwa inaweza kupita 40, na nyanya ikishavuka nyuzi 32 au 35 chavua inaharibika, maua yanapukutika, mwisho unalaumu mbegu bure.

Kwa hiyo jenga juu, ukuta wa pembeni usipungue mita 3, paa liwe na mwanya wa kudumu kwenye mgongo maana hewa ya moto inapanda na lazima ipate pa kutokea, halafu pande zote mbili ndefu zifunguke kwa kukunja nailoni. Matundu yote yafike angalau robo ya eneo la chini, yaani mita 8 kwa 15 unahitaji kama mita za mraba 30, na kwa sababu neti ya kuzuia kantangaze (nondo mdogo anayeshambulia nyanya) na inzi weupe inabana sana upepo, mimi ningezidisha. Upepo wenyewe tunao, mchana unatoka ziwani usiku unarudi, ila vilima na mawe ya huku vinaugeuza, so funga kitambaa kwenye mti hapo site uangalie saa nane mchana siku kadhaa, upande mrefu ndio uupokee. Asubuhi fungua mapema, ule umande unaodondoka toka kwenye nailoni ndio unaleta bakajani, ule ugonjwa wa majani kuungua.

Sasa maji, hapa watu wengi wanapuuza kabisa. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita za mraba 120 ni lita 6,000, zote zinamwagika pembeni mwa kuta zako! Weka gata, vuna kwenye simtanki, ziada iende mtaroni. Kama uko chini ya kilima chimba mtaro wa kinga upande wa juu kabla ya kusimamisha nguzo hata moja, maji yakitoka shamba la nyanya la jirani yakaingia kwako yanakuja na mnyauko bakteria na huo hauna dawa ya kuutibu. Kama udongo wako ni wa mbuga (ule mweusi unaoshika maji) chimba shimo futi 2, jaza maji, yakinywewa jaza tena, kesho yake ukiyakuta bado basi panda kwenye matuta ya sentimita 30 hadi 40.

Na usisogelee ziwa, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ufukweni, na 2020 tuliona maji yalivyopanda. Mtaro nao usiuelekeze ziwani moja kwa moja, mbolea inayotoka humo inalisha magugu maji, uishie kwenye shimo au kwenye migomba.