Kufundisha watoto wa shule ya msingi kurusha frisbi: mzunguko kwanza, nguvu baadaye

Mwalimu wa michezo anapoingia uwanjani na frisbi kwa mara ya kwanza, wanafunzi wengi humwuliza kama ndicho kile kisahani kinachorushwa katika riadha. Sicho. Kisahani cha riadha ni kizito, kina kilo 2 kwa wanaume na kilo 1 kwa wanawake, na anayekirusha hutafuta umbali tu. Frisbi ni sahani nyepesi ya plastiki yenye ukingo uliokunjwa kuelekea chini, ile ya mashindano ikiwa na gramu 175 na kipenyo cha sentimita 27 hivi, na kwa kawaida hurushwa ili mtu mwingine aidake. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza ufundishaji wote, kwa sababu mtoto anayehimizwa kurusha mbali kabla hajajua kurusha kwa namna inayodakika hutumia nguvu za bega, sahani huyumba hewani, na mwenzake aliye upande wa pili hujifunza kuiogopa badala ya kuidaka.

Inafaa watoto waelezwe tangu mwanzo kwa nini frisbi hupaa. Umbo lake lililobinuka upande wa juu huifanya ibebwe na hewa inapokwenda mbele, na mzunguko wake huizuia isipinduke, kama vile pia, kile kichezeo cha kuzungushwa, inavyosimama wima ikizunguka kwa kasi na kulala inapochoka. Nimeona kwamba mwalimu akiizungusha pia mbele ya darasa kwa dakika moja tu, watoto huelewa jambo hili kuliko wangeelewa kwa maelezo marefu, na tangu hapo neno "zungusha" linatosha kuwarekebisha.

Vifaa na uwanja

Kwa darasa la watoto sitini, frisbi kumi na tano zinatosha kuanzia, yaani moja kwa kila kundi la watoto wanne. Zisipopatikana za kutosha, mfuniko wa ndoo ya rangi ya lita 20 hufaa kwa mazoezi ya mwanzo, mradi ukingo wake usuguliwe kwa msasa ili usikate vidole. Mfuniko hauelei vizuri kama frisbi, lakini unaufundisha mkono kazi ya kuzungusha. Kwa darasa la kwanza na la pili napendelea kata, ile ile ya kitambaa inayowekwa kichwani mtu anapobeba ndoo ya maji, ikiwa imeshonwa kwa uzi imara ili isifumuke. Kata haiumizi, huzunguka vizuri, hudakwa hata kwa kuingiza mkono katikati yake, na karibu kila mtoto ana mtu nyumbani anayejua kuitengeneza.

Wapange watoto katika mistari miwili inayotazamana, umbali wa mita 5 kati ya mstari na mstari, na mita 2 kati ya mtoto na jirani yake. Wanaotumia mkono wa kushoto wakae mwishoni mwa mstari ili mikono yao isigongane na ya wenzao. Katika vipindi viwili vya kwanza mstari mmoja urushe kwa filimbi, kisha mwingine, na hakuna anayekwenda kuokota sahani iliyopita nyuma yake mpaka filimbi ilie tena. Chagua mahali penye kinga ya upepo, kama nyuma ya madarasa, na ikiwezekana kipindi kiwe cha asubuhi, hasa kwa shule za pwani ambako upepo wa bahari hupanda alasiri. Upepo usipokwepeka, wabadilishane pande mara kwa mara, kwa kuwa sahani inayorushwa dhidi ya upepo hunyanyuka juu na ile inayofuata upepo hushuka mapema, na mtoto aliyekaa upande mmoja tu atadhani kosa ni lake.

Mrusho wa kuvuka kifua

Huu ndio mrusho wa kwanza kufundishwa. Nitaueleza kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande zote. Kidole gumba hukaa juu ya sahani, kidole cha shahada huegemea ukingo, na vidole vitatu vilivyobaki hukunjwa chini vikishika ukingo kwa ndani. Mtoto asimame ubavu, bega la kulia likimwelekea mwenzake, avute sahani mpaka karibu na nyonga ya kushoto, apige hatua fupi kwa mguu wa kulia, kisha aupeleke mkono mbele kwa mstari ulionyooka na kuiachia sahani kwa kukung'uta kifundo cha mkono. Mfano ninaoutumia ni wa mtu aliyenawa ambaye, kwa kukosa taulo, anayakung'uta maji mkononi: mkono hauendi kwa nguvu, lakini matone huruka. Mwishoni kidole cha shahada kibaki kimemwelekea mdakaji.

Kabla ya kurusha sahani kwa mwenzake, kila mtoto aufanye mwendo huo mara kumi bila kuachia kitu. Kisha warushe kwa umbali wa mita 3 tu, wakiwa wamepiga goti moja chini. Goti hilo huondoa nguvu za miguu na kiuno, na mtoto hana budi kutegemea kifundo cha mkono. Walimu wengi huiruka hatua hii kwa kuwa inaonekana ya kitoto, nami naona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Makosa yanayojitokeza yana sababu chache, na mwalimu anayezijua anaweza kumrekebisha mtoto kwa sentensi moja akipita. Sahani ikitikisika na kuanguka karibu, mzunguko ulikuwa mdogo, hivyo mwambie akung'ute zaidi na kutupa kidogo. Ikipinda kulia na kuangukia ubavu, ukingo wa nje, yaani ule ulio mbali na kiganja, ulikuwa umeinuliwa wakati wa kuachia, hivyo aushushe kidogo kuliko anavyodhani inafaa. Ikipaa juu, ikasimama hewani na kurudi chini, ukingo wa mbele ulitazama mbinguni, na dawa yake ni kuiachia ikiwa bapa kama sinia lenye vikombe vya chai ambavyo havipaswi kumwagika. Ikienda upande wa kulia kwa mstari ulionyooka, mtoto ameichelewesha mkononi, na ikienda kushoto ameiachia mapema. Taja kosa moja tu kwa wakati mmoja, hata ukiyaona matatu, kwa sababu mtoto wa miaka tisa akipewa maagizo matatu husahau yote.

Kudaka kufundishwe siku hiyo hiyo. Mdako wa kwanza tunauita wa chapati: mkono mmoja juu, mwingine chini, sahani katikati mbele ya kifua. Watakapozoea, waanze kudaka kwa kushika ukingo kwa vidole, kidole gumba kikiwa juu kwa sahani inayokuja chini ya kiuno na kikiwa chini kwa ile inayopita juu ya kifua.

Michezo ya mazoezi

Kipindi cha dakika 40 kinaisha haraka, na mchezo mzuri wa kufundishia ni ule unaompa kila mtoto nafasi nyingi za kurusha. Foleni ndefu ambamo mtoto hurusha mara mbili na kusubiri dakika kumi haimfundishi kitu.

Mchezo wa kuanzia ni wa daraja. Wawili wawili husimama mita 3 kutoka kwa mwenzake, na kila wakidaka mara tano mfululizo mmoja anarudi nyuma hatua moja. Wakiangusha, anasogea mbele hatua moja. Hawashindani na jozi nyingine bali na daraja lao wenyewe la jana, na kwa hiyo aliye dhaifu haoni haya. Unafuata mchezo wa malango, ambao binafsi naupenda zaidi. Tawanya uwanjani malango kumi na mawili ya makopo au vijiti, kila lango likiwa na upana wa mita 2, na kila jozi ipitishe sahani katika lango moja kwa kurusha na kudaka, kisha ihamie lango lingine lililo wazi, kwa dakika mbili. Idadi ya malango yaliyopitwa ndiyo alama. Mchezo huu unamlazimu mtoto kuinua kichwa na kumtazama mwenzake kabla ya kurusha, jambo ambalo mistari miwili haiwezi kumfundisha. Waende kwa kutembea tu.

Kwa siku ambayo uwanja umetumiwa na darasa lingine kuna safari ya miti. Miti, nguzo na mapipa ya shule hupewa namba moja hadi tisa, na makundi ya watoto wanne huhesabu ni mirusho mingapi inahitajika kugusa kila kituo, aliye mbali zaidi na kituo akirusha kwanza. Ndiyo asili ya gofu ya frisbi, ambayo uwanja wake wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa California mwaka 1975, na huko pia walianza kwa kulenga nguzo kabla ya kubuniwa vikapu vya minyororo.

Nina ombi moja kwa walimu wenzangu: watoto wataomba kucheza rede kwa frisbi, nanyi mkatae. Rede inampendeza mtoto kwa sababu mpira wa soksi haumuumizi anayelengwa, lakini ukingo wa plastiki ngumu ukimpata mtoto jichoni utamjeruhi.

Kuelekea mechi

Watoto wakiweza kudaka mara saba katika kumi kwa umbali wa mita 8, wacheze pasi kumi, wanne kwa wanne. Sheria yake kuu wanaijua kutoka netiboli: mwenye sahani hakimbii nayo. Anaruhusiwa kuzunguka kwa mguu mmoja huku mwingine umebaki chini. Sahani ikianguka inakuwa ya wapinzani. Mlinzi asimame umbali wa mkono mmoja na ahesabu kwa sauti mpaka kumi. Ni hapa ambapo mrusho wa pembeni unahitajika, kwa kuwa mlinzi ameziba upande wa kifua. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, hukaa ndani ya ukingo, gumba juu, kiwiko karibu na mbavu, na mkono hukung'utwa kama wa mtu anayerusha kijiwe bapa juu ya maji ili kidunde. Darasa la tano na kuendelea huumudu, wadogo wasilazimishwe.

Mechi yenyewe, inayojulikana duniani kwa jina la Ultimate, ilianzishwa na wanafunzi wa sekondari huko Maplewood, New Jersey, mwaka 1968. Timu kamili ni ya wachezaji saba na uwanja una urefu wa mita 100, lakini kwa shule ya msingi kiwanja cha netiboli chenye mita 30.5 kwa 15.25 kinatosha watano kwa watano, ukichora ukanda wa mita 4 kila mwisho. Pointi hupatikana kwa kudaka pasi ndani ya ukanda wa wapinzani. Wachezaji wenyewe ndio wanaotaja makosa, wala hakuna mwamuzi, na utaratibu huo unafuatwa hata katika mashindano ya dunia. Mwanzoni watabishana. Mwalimu asikimbilie kupuliza filimbi. Awape nusu dakika waelewane, na wasipoelewana sahani irudi kwa aliyeirusha na mchezo uendelee. Baada ya mechi tatu au nne utasikia mtoto akisema "nimekugusa mkono, rusha tena" bila kuulizwa na mtu, na hapo unaweza kuongeza timu ya tatu pembeni ili ibadilishane na itakayofungwa.