Chicago na Marafiki: Jinsi ya Kuuzunguka Mji Bila Kununiana

Mimi huwa ndiye mweka hazina. Kila kundi la marafiki lina mtu wa namna hii, yule anayetunza risiti na kuulizia bei kabla ya kuketi, na kwetu kazi hiyo iliniangukia zamani. Kwa hiyo ukiniuliza namna ya kwenda kuitalii Chicago na wenzako, maghorofa nitayaacha kwanza. Nitaanza na kapu.

Changeni kabla ya kuondoka. Kila mtu atoe kiasi kilekile, pesa zikae kwenye kadi moja, kisha muandike kwenye kundi la WhatsApp ni vitu gani vitalipwa na kapu: treni, chakula cha kupika nyumbani, mlo mmoja wa pamoja kwa siku, bakshishi na boti. Viatu, vileo na zawadi za mashemeji, kila mtu na mfuko wake. Jioni mweka hazina atume picha za risiti na salio. Kazi hiyo haimalizi hata dakika kumi, nayo inazuia ule ugomvi wa chini kwa chini ambao hausemwi mpaka mmesharudi nyumbani. Kitakachobaki kigawanywe kabla ya kuachana, hata kama kila mmoja atapata dola mbili.

Kapu liwe nono kidogo kuliko mnavyodhani, maana Marekani bei iliyobandikwa kwenye bidhaa siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo huongezwa pale kwenye kaunta, na Chicago kiwango chake cha kawaida ni zaidi ya asilimia 10. Mkahawani kuna bakshishi juu yake. Anayekuhudumia mezani anategemea asilimia 18 hadi 20, wala hiyo haihesabiwi kuwa hisani. Ni sehemu ya kipato chake. Lakini bili isomeni mpaka chini. Kundi kubwa mara nyingi huongezewa asilimia hiyo moja kwa moja, imeandikwa kwa herufi za kubania macho, kisha kinaletwa kile kimashine cha kadi kikiomba bakshishi upya. Kama imeshawekwa, bonyezeni sifuri bila aibu. Nimemwona mwenzangu akilipa mara mbili kwa sababu mhudumu alikuwa na tabasamu zuri.

Malazi. Hoteli za katikati ya mji, eneo wanaloliita Loop, zinamfaa mtu na mwenzi wake. Kundi hukaa vizuri zaidi kwenye nyumba ya kupanga iliyo karibu na kituo cha treni. Mimi napendelea mitaa iliyo kwenye njia ya Blue Line, kama Logan Square na Wicker Park, kwa sababu treni hiyo inatoka uwanja wa ndege wa O'Hare, inapita hapo, inaingia Loop, na inafanya kazi usiku kucha. Mkichagua nyumba, angalieni jiko, umbali wa kutembea hadi kituoni, na idadi ya mabafu. Mabafu mawili msiyaone anasa. Watu sita, bafu moja na boti inayoondoka saa nne asubuhi ni vitu visivyokaa pamoja. Soketi za kule zina nafasi mbili bapa, kwa hiyo bebeni adapta moja nzuri na ekstensheni ya nyumbani, chaja zote zichomekwe hapo. Pasi ya nywele ya volti 240 iacheni. Umeme wa kule ni volti 120, itapata uvuguvugu tu.

Nendeni kati ya Juni na Septemba. Januari joto hushuka mbali chini ya nyuzi sifuri, na upepo wa ziwa haumwonei huruma mgeni.

Kuujua mji wenyewe ni rahisi ajabu. Ziwa Michigan liko mashariki, siku zote. Ukishajua ziwa liko wapi, dira unayo. Namba za majengo nazo huhesabiwa kutoka makutano ya barabara za State na Madison, ambapo ni sifuri kwa sifuri. Kwenda kaskazini au magharibi, kila 800 ni maili moja, yaani kama kilomita moja na nusu ushei. North Avenue iko 1600 kaskazini: maili mbili kutoka Madison. Mwenzako akikwambia mkahawa uko 2400 kaskazini, utajua bila kufungua ramani kwamba hapo si pa kwenda kwa miguu na viatu vya kisigino. Treni hulipiwa kwa kugusisha Ventra, kadi ya usafiri ya mji, au kadi ya benki yenye uwezo huo, na kadi moja ya Ventra inaweza kuwapitisha watu kadhaa wakifuatana. Nauli ya kuanzia O'Hare ni kubwa kuliko ya vituo vingine, msishangae. Mkiwa ndani, mwenye kukaa karibu na mlango aishike simu yake vizuri. Wezi hupenda kunyakua mlango unapokaribia kufunga.

Sasa sheria ambayo siilegezi: jambo moja la pamoja kwa siku, basi. Baada ya hapo watu watawanyike. Kuna anayetaka picha za kuchorwa, kuna anayetaka maduka ya Michigan Avenue, kuna aliyekuja kulala. Mkilazimishana kuandamana wote kutwa, ifikapo saa kumi jioni mmoja ana njaa, mwingine miguu inawaka, na wa tatu amenuna kwa sababu ambayo hataitaja. Kundi la kwetu huagana baada ya jambo la pamoja na kukutana saa kumi na mbili mbele ya simba wa shaba wa Art Institute, kwenye Michigan Avenue. Wamesimama hapo tangu 1894. Ila semeni ni simba yupi, maana wako wawili, na katikati yao kuna ngazi pana iliyojaa watu. Sisi ni wa yule wa kaskazini.

Jambo la kwanza la pamoja liwe boti ya mtoni, ile yenye mwongozaji anayeeleza historia ya majengo. Huchukua dakika 75 au 90 hivi, na tiketi haiko rahisi, lakini ndiyo pesa ninayoitoa kwenye kapu bila kuguna. Kateni mapema, ombeni ya alasiri jua likiwa limelala upande, mkae sitaha ya juu, na kila mtu awe na koti hata kama mchana kulikuwa na joto. Mtoni upepo unapenya katikati ya maghorofa.

Nasisitiza boti iwe ya kwanza kwa sababu baada yake mtakuwa mnajua mnachokitazama. Mtasikia habari za moto wa Oktoba 1871 ulioteketeza katikati ya mji, na jinsi wajenzi walivyomiminika kuja kujenga upya. 1885 likamalizika jengo la Home Insurance, la ghorofa kumi lililoshikiliwa na fremu ya chuma, ambalo wengi hulihesabu kuwa babu wa maghorofa marefu ya leo. Lilivunjwa 1931, usilitafute. Mtapita chini ya minara miwili ya Marina City ya miaka ya 1960, mviringo yenye vibaraza vilivyojipanga kama punje kwenye gunzi la hindi, na sakafu za chini zikiwa maegesho ya magari yaliyo ukingoni kabisa juu ya maji. Mtaambiwa pia kwamba maji mnayoelea juu yake yanakwenda kinyume na asili yake. Zamani mto ulimwaga maji machafu ziwani, na humohumo ziwani ndimo watu walimochota ya kunywa. Wakachimba mfereji, na mwaka 1900 mto ukageuzwa ukaliacha ziwa, ukaelekea upande wa Mississippi.

Daraja la Michigan Avenue linaitwa DuSable. Jean Baptiste Point du Sable alikuwa mtu mweusi, mfanyabiashara aliyejenga makazi karibu na mlango wa mto huu katika karne ya 18, na ndiye anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa Chicago. Kuna sanamu ya kichwa chake karibu na daraja. Shukeni kwenye boti, pandeni ngazi, mkampige picha. Watalii wengi humpita wakikimbilia dukani.

Asubuhi inayofuata amkeni mapema kwa ajili ya Millennium Park, ambako hakuna kiingilio. Sanamu ya Cloud Gate ya Anish Kapoor, ambayo kwa umbo lake wenyeji huliita Haragwe, ni ya chuma kinachong'aa kama kioo, na ifikapo saa nne imezungukwa na umati. Fikeni mara tu bustani inapofunguliwa. Kwa picha ya kundi, msijipange mbele yake kama picha ya shule. Ingieni chini ya tumbo lake, wekeni simu sakafuni kamera ikitazama juu, wekeni kihesabu cha sekunde kumi, mduara, vichwa pamoja. Mtatokea mara mbili, nyuso zenu na vivuli vyenu vilivyovutwa kule juu. Hatua chache kutoka hapo kuna minara miwili ya chemchemi ya Jaume Plensa inayoonyesha nyuso za wakazi wa Chicago. Kiangazi nyuso hizo hutema maji. Aliyesuka nywele juzi asimame mbali.

Makumbusho ni mahali pa kutawanyika, isipokuwa Field Museum. Hapo nendeni wote. Simba wale wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 na kusimamisha kazi ya daraja, wako hapo ndani ya kioo. Wote ni madume, wote hawana manyoya ya shingoni. John Henry Patterson aliyewaua Desemba mwaka huo alizitandika ngozi zao sakafuni kwake miaka mingi, kisha katika miaka ya 1920 akaziuzia makumbusho kwa dola 5,000. Kwa kuwa ngozi zilikuwa zimekatwakatwa ziwe mazulia, waliowashona upya walipata simba wadogo kuliko walivyokuwa hai. Wazungu wengi husimama hapo nusu dakika na kuondoka. Sisi tuliganda. Jina la mto unaloliona likipita dirishani ukiwa safarini kati ya Nairobi na Mombasa limeandikwa hapo kwa herufi za Chicago, na hakuna aliyetania. Humo yuko pia SUE, mifupa ya dinosa ambayo makumbusho yaliinunua 1997 kwa dola milioni 8.36. Linganisha na zile 5,000, halafu uone mweka hazina anavyokosa usingizi.

Wapenzi wa michoro waende Art Institute, ila waangalie siku kwanza. Huwa kuna siku za katikati ya juma milango inafungwa. Asiyetaka kulipa popote aende Lincoln Park Zoo, ambayo ni bure, au Chicago Cultural Center, jengo la 1897 lililokuwa maktaba, akatazame kuba la vioo vya Tiffany. Pilsen kuna michoro ya ukutani mtaa mzima na makumbusho ya sanaa ya Meksiko yasiyo na kiingilio.

Kuhusu kupanda juu, chagueni jengo moja. Willis Tower ina ghorofa 110, na kwenye ya 103 kuna vibanda vya kioo vinavyoning'inia nje ya ukuta. Mimi nachagua lile la 875 North Michigan, lililojulikana kama John Hancock, kwa sababu ghorofa ya 94 unaona ufuo wa ziwa ukijipinda na maghorofa ya katikati yakiwa mbele yako. Kabla ya kulipa, simameni barabarani mtazame juu. Kama kilele kimemezwa na wingu, mtalipia ukungu.

Chakula: pizza ya Chicago ni nene kama keki na huoka dakika 40 au zaidi, basi agizeni mara tu mnapoketi, na vipande viwili vinamtosha mtu mzima. Hotdogi ya kule huja na haradali, kitunguu, nyanya, achari ya kijani, pilipili na tango la siki. Tomato sosi msiiombe, mtatazamwa. Wanaokula halali wasidhani neno "nyama ya ng'ombe tupu" linatosha. Siku moja nendeni Devon Avenue, kaskazini ya mji, kwa Wahindi na Wapakistani. Huko kuna nyama halali, mkate wa moto kutoka tanuri na chai ya maziwa iliyochemka sawasawa. Kikundi kilichokuwa kimekonda kwa saladi hurudisha uhai hapo.

Usiku wa kwenda klabu za muziki wa blues, kila mtu abebe pasipoti yake yenyewe. Walinzi wa mlangoni hudai kuona umri wa miaka 21, na picha ya pasipoti kwenye simu haiwashawishi, hata kwa mwenye mvi.

Siku ya kuondoka pimeni mizigo nyumbani kabla ya kutoka, mizani ndogo ya kuning'iniza inatosha. Blue Line kutoka Loop hadi O'Hare ni kama dakika 45, lakini inawashusha upande wa Terminal 1 hadi 3. Ndege nyingi za nje huondokea Terminal 5, ambako mtapanda treni nyingine ndogo ya bure ya uwanjani, na masanduku mkononi. Ongezeni nusu saa nzima kwa hilo. Kwa yule mwenzenu wa kuchelewa, ongezeni saa, na saa hiyo msimwambie.