Somo: Kupanda mati kwenye beseni, kuvuna na kupika

Tangu nilipoonyesha picha za mavuno yangu hapa Guangzhou naulizwa kila wiki mati ni nini na hupandwaje, kwa hiyo naandika mara moja. Mati, jina la Kichina lenye maana ya kwato ya farasi, si njugu wala tunda. Ni kiazi kidogo cha mmea wa majini wa ukoo mmoja na mafunjo na ndago.

1. Mwezi wa tatu au wa nne, chagua sokoni mati ngumu zenye kichipukizi kizima.

2. Jaza beseni udongo wa mfinyanzi na mbolea iliyooza, kisha zifukie sentimita 5.

3. Machipukizi yakishasimama, weka maji ya sentimita 10, yasikauke.

4. Kuvuna. Mwaka wa kwanza niliona mashina, ambayo ni mirija ya kijani isiyo na majani, yameanza kuwa manjano, nikadhani yameiva, nikapindua beseni lote. Nilipata vidonge vyeupe visivyo na ladha, na kazi ya miezi saba ikapotea. Subiri mashina yakauke kabisa, mwaga maji, kisha viache viazi ndani ya udongo wiki kadhaa za baridi, kwani hapo ndipo ganda linapokolea rangi na utamu kuongezeka. Chimba kwa vidole tu, kilichochubuka huoza.

5. Sugua matope yote, umenye kwa kisu. Usimenye kwa meno hata ukiwaona wengine wakifanya hivyo, kwa sababu viluwiluwi vya minyoo bapa wa utumbo, vikishatoka ndani ya konokono wa majini, hujishikiza kwenye ganda.

6. Katakata, utie kwenye nyama ya sambusa.

Swali: Dada, nivune lini?
Jibu: Hatua ya nne imeeleza. Tafadhali isome.

Swali: Zangu zilikuwa nyeusi, zina pembe mbili, na ndani ni unga mtupu. Umetupotosha.
Jibu: Sijampotosha mtu. Hizo zenye pembe ni tunda la mmea mwingine unaoelea, nazo huchemshwa kwanza.

Swali: Samahani dada, mbona nimezipika nusu saa na bado zinakatika kwa mlio?
Jibu: Umeuliza vizuri, mdogo wangu. Kiazi cha kawaida hulainika kwa sababu gundi inayoshikanisha chembe zake huyeyuka motoni, lakini kuta za chembe za mati zimefungamanishwa na asidi ya feruliki, ambayo moto wa jikoni hauiachanishi. Ndiyo maana Wakantoni, wenyeji wa huku Guangzhou, huziacha vipandevipande hata ndani ya keki ya mvuke ya Mwaka Mpya, inayokorogwa kwa unga wa mati wenyewe na maji ya sukari yanayochemka.

Swali: Na mbu, dada?
Jibu: Weka samaki wawili wadogo beseni likishajaa maji, uwahamishe kabla ya kumwaga. Wangu hula viluwiluwi vyote kabla ya jioni.