Kikao cha Asubuhi Kabla ya Kupanda Jukwaa

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri nchini Uganda wajibu wa kuwalinda wafanyakazi, lakini kwenye eneo la ujenzi wajibu huo huanza na kikao kifupi cha asubuhi, ambapo msimamizi hutaja hatari za siku hiyo kwa Kiswahili na Kiluganda, kisha humtaka kibarua mmoja arudie alichosikia. Kuitikia kwa kichwa hakutoshi. Jukwaa la nguzo za mikaratusi likaguliwe kabla ya kupandwa, hasa baada ya mvua, kwa kutazama misumari na viungo vyake, na aliyekagua aandike jina lake na saa daftarini. Anayeripoti ubao uliopasuka asikatwe ujira kwa muda uliopotea. Akikatwa, wenzake watanyamaza siku nyingine.