Unataka kujenga gorofa? Usimchanganye akiteki na injinia

Jamani, wengi wetu tukishapata kiwanja na hela kidogo tunatafuta "mtu wa ramani", akichora tunampa fundi, kazi inaanza. Kwa gorofa usithubutu, maana ramani ni mbili na wachoraji ni wawili.

Unaanza na akiteki, yaani msanifu majengo. Mpeleke kiwanjani, mwambie mko wangapi, kama kuna mzee asiyeweza ngazi, magari mangapi. Yeye anapanga vyumba, ngazi zikae wapi, jua la jioni lisipige chumba cha kulala, upepo uingilie wapi. Kwa Dar na Tanga hilo la upepo mkazanie kabisa, nyumba ikikaa vibaya utawasha eisii miaka yote.

Akimaliza usiite fundi bado. Michoro hiyo inaenda kwa injinia wa strakcha, na huyu anachotaka kujua ni kama jengo litasimama. Ataanza na udongo, maana ule mfinyanzi mweusi mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka na msingi unapasuka nao. Halafu anapiga hesabu ya mzigo wote, kuanzia paa, slabu (sakafu ya zege), bimu (mhimili wa zege unaolala), nguzo mpaka msingi, ndo anakuandikia nondo za milimita ngapi, ngapi kwa kila nguzo, ringi (vyuma vyembamba vinavyozungushia nondo) ziachane kiasi gani, zege la daraja gani, yaani lenye nguvu kiasi gani. Karatasi hizo ndo fundi azishike akifunga nondo, sio ile picha ya rangi yenye gari na maua!

Wote wawili waombe namba za usajili uhakiki bodini, akiteki AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi), injinia ERB (bodi ya wahandisi).

Sasa hapa ndo watu wanakosea: nguzo imeziba sebule, au umepata hela unataka kuongeza gorofa moja juu, unamalizana na fundi hukohuko saiti. Hapana, rudi kwa wote wawili. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la gorofa 16 lililokuwa bado linajengwa liliporomoka katikati ya Dar, watu 36 wakafa, na Novemba 2024 tukalia tena Kariakoo, gorofa lingine lilipoporomoka.

Kwa hiyo kwenye bajeti weka na hela ya injinia kuja saiti kukagua nondo kabla zege halijamwagwa, kila slabu, kila nguzo. Siku hiyo uwepo mwenyewe, piga picha nondo zote uzitunze, zege likishafunika huzioni tena.